Usonji: Uliza Sababu Kabla ya Kuadhibu

Ni siku ya soko. Mashine ya kusaga unga inapoanza kunguruma, mtoto wa miaka 5 anaziba masikio, anajitupa chini na kupiga mayowe. Mpita njia mmoja anasema mtoto amedekezwa. Mwingine anamshauri mama atafute fimbo. Wa tatu ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna anayeuliza mtoto amesikia nini.

Watu wenye usonji waliokua na kusimulia maisha yao wamelijibu swali hilo. Mmoja wao ni Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo nchini Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947. Alikaribia kutimiza miaka 4 kabla ya kuanza kuzungumza. Madaktari walishauri apelekwe kuishi katika taasisi, lakini mama yake alikataa, akamtafutia mwalimu wa matamshi.

Grandin ameeleza kwamba kengele ya shule ilimuuma masikioni kama mashine ya daktari wa meno inapogusa mshipa wa fahamu. Nguo zenye kukwaruza alizihisi kama msasa mwilini. Aliyeonekana mtundu alikuwa akiumia.

Si kila mwenye usonji atakuwa profesa. Wapo wasiozungumza kabisa na watakaohitaji msaada maisha yao yote. Lakini simulizi kama hizi zinafunza jambo moja: tabia inayotushangaza mara nyingi ina sababu.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani. Huathiri jinsi mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga au kuguswa. Hauambukizi. Si laana, hauletwi na malezi mabaya wala chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021, mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto akachunguzwe ikiwa:
• ametimiza mwaka 1 na haitiki akiitwa jina, wala haonyeshi vitu kwa kidole;
• ana miezi 16 na hajatamka neno lolote;
• ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili;
• alikuwa akizungumza, kisha akaacha, katika umri wowote.

Dalili hizi pekee hazithibitishi usonji. Huenda mtoto ana tatizo la kusikia. Ndiyo maana uchunguzi wa mapema ni muhimu.

Ulemavu na mazingira

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaeleza kwamba ulemavu hutokana pia na vizuizi vilivyo katika jamii. Mtoto anayeshindwa kusoma akiwa kando ya dirisha lenye kelele anaweza kufuata somo akihamishiwa kona tulivu. Mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali.

Nyumbani na katika shule ya chekechea, mambo madogo husaidia:
• Tumia sentensi fupi, kisha mpe muda wa kujibu.
• Mwonyeshe ratiba ya siku kwa picha, na umwarifu kabla ya mabadiliko.
• Akilemewa, mwondoe kwenye kelele. Usimpigie kelele wala kumchapa.
• Usimlazimishe kukutazama machoni. Anaweza kuwa anasikiliza.

Haki na huduma

Ibara ya 54 ya Katiba inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Majina kama "zuzu" au "kichaa" yanakiuka haki hiyo. Kumfungia mtoto nyumbani humnyima haki nyingine katika ibara hiyohiyo, ile ya kupata elimu.

Mzazi mwenye wasiwasi aanzie katika kituo cha afya kilicho karibu, au azungumze na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma lake. Kuhusu shule, aulize Kituo cha Tathmini ya Elimu, kinachojulikana kama EARC, ambapo mtoto hupimwa na mzazi kushauriwa kuhusu masomo yanayomfaa. Baada ya tathmini ya hospitali, mtoto anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hatua inayomfungulia njia ya kuomba misaada iliyopo.

Wakazi wengine pia wana nafasi yao. Mama wa mtoto yule sokoni hahitaji kuambiwa habari za fimbo. Anahitaji mtu wa kumshikia kikapu, naye ambebe mtoto wake hadi mahali ambapo mashine haisikiki.