Kuzuia Utumwa wa Kisasa katika Huduma ya Uzoaji Taka

Huduma ya uzoaji taka ni miongoni mwa huduma ambazo mkazi wa kata huziona mara kwa mara lakini huzitafakari kwa nadra. Guta hupita, mfuko hubebwa, ada hulipwa, risiti hutolewa. Maswali machache husalia bila kuulizwa: yule kijana anayesukuma mkokoteni ameajiriwa na nani? Analipwa kiasi gani? Na je, akitaka kuiacha kazi leo, ataweza? Somo hili linahusu zaidi swali la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotenganisha kazi ngumu na utumwa.

Haki ya kuutua mzigo

Wakazi wa Ubena na wa wilaya nzima ya Bagamoyo hawahitaji kwenda mbali kutafuta chanzo cha somo hili. Katika karne ya 19 mji wa Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka bara. Wapagazi wengi waliobeba pembe za ndovu, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira kabla ya safari. Katika njia hiyo hiyo walipita pia mateka waliopelekwa pwani kuuzwa. Aliyewatazama kwa mbali angeona watu wenye mizigo tu. Tofauti haikuwa katika uzito wa mzigo, bali katika haki ya kuutua.

Wengi hulieleza jina la Bagamoyo kwa maneno "bwaga moyo", na maneno hayo yana sura mbili. Mpagazi huru aliyefika pwani alipumzisha moyo wake. Mateka aliyeliona jahazi alikata tamaa. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mjini hapo na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka 1922 utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika. Sheria hizo zilifuta haki ya mtu kummiliki mwenzake. Hila za kumfunga mtu kazini bila kummiliki zilibaki, na hizo ndizo zinazoitwa leo utumwa wa kisasa.

Maana yake kwa ufupi

Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaitambua kazi ya shuruti kwa mambo mawili: mtu anaifanya kwa kutishiwa adhabu, na hakuikubali kwa hiari yake. Kwa makadirio ya shirika hilo na washirika wake, mwaka 2021 watu wapatao milioni 50 duniani waliishi katika utumwa wa kisasa, na kati yao takriban milioni 28 walikuwa katika kazi za shuruti.

Si kila kazi mbaya ni utumwa. Ujira mdogo, kuchelewa kwa malipo au ukosefu wa glovu ni makosa yanayopaswa kurekebishwa, lakini mfanyakazi huyo bado anaweza kuondoka. Utumwa huanza pale mlango wa kutokea unapofungwa: kwa deni lisilokwisha, kwa kitambulisho kilichozuiwa, kwa ujira uliozuiliwa makusudi, au kwa vitisho. Vilevile, usafi wa pamoja unaofanywa na wakazi kwa manufaa yao wenyewe, kama ule wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hauhesabiwi kuwa kazi ya shuruti.

Taka hupita mikono mingi

Zamani uzoaji taka mijini ulifanywa na mamlaka zenyewe. Mwaka 1994 Jiji la Dar es Salaam lilianza kumkabidhi mkandarasi binafsi kazi hiyo katika eneo la katikati ya mji, na miaka michache baadaye utaratibu ulipanuliwa hadi kwa kampuni ndogo na vikundi vya kijamii katika kata nyingi. Mtindo huo umeenea. Faida zake zinajulikana: ajira kwa vijana na wanawake, na mitaa iliyo safi zaidi. Hata hivyo, umerefusha mnyororo wa ugavi, yaani mfuatano wa watu na kampuni ambao kazi hupitia mpaka ikamilike.

Halmashauri huingia mkataba na mkandarasi. Mkandarasi anaweza kumpa sehemu ya kazi mkandarasi mdogo. Huyo humwomba wakala amletee vibarua. Vibarua huzoa na kupakia. Dampo huwa na waokota chupa za plastiki na vyuma chakavu, ambao huuza kwa mwenye mizani. Mwenye mizani humuuzia mnunuzi mkubwa, naye hupeleka kiwandani. Kadiri mkono unavyokuwa mbali na mkataba uliosainiwa ofisini, ndivyo macho ya wakaguzi yanavyopungua. Utumwa hujificha katika mkono wa mwisho, ambao jina lake haliko katika karatasi yoyote.

Mfano wa deni

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, ila hesabu yake inaonyesha namna deni linavyofanya kazi ya pingu. Kijana analetwa kutoka mkoa wa mbali kwa ahadi ya Sh. 5,000 kwa siku. Anafanya kazi siku 26, hivyo anastahili Sh. 130,000. Mwisho wa mwezi wakala anamsomea makato: nauli Sh. 40,000, buti na glovu Sh. 35,000, chakula Sh. 90,000, malazi Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 195,000. Kijana amefanya kazi mwezi mzima na anadaiwa Sh. 65,000.

Mwezi wa pili hakuna nauli wala buti. Makato ni Sh. 120,000. Asipougua hata siku moja, deni litapungua kwa Sh. 10,000 tu. Akiugua siku tatu, atapata Sh. 115,000, na deni litaongezeka kwa Sh. 5,000. Wakala anashikilia kitambulisho chake "mpaka amalize". Hakuna aliyempiga wala aliyemfungia mlango, lakini hawezi kuutua mzigo.

Funzo kutoka Uingereza

Mwaka 2019 mahakama mjini Birmingham, Uingereza, iliwatia hatiani watu wanane wa genge lililowaleta watu maskini kutoka Poland kwa ahadi ya kazi nzuri. Inakadiriwa kuwa waathirika walikuwa zaidi ya 400. Baadhi yao walipelekwa katika vituo vya kuchambua taka, wengine mashambani na viwandani. Mishahara yao ilipitishwa katika akaunti za benki zilizodhibitiwa na genge, na wao wakaachiwa fedha kidogo mno.

Funzo lake ni hili: kumlipa wakala si sawa na kumlipa mfanyakazi. Nchi hiyo ilikuwa tayari na sheria ya mwaka 2015 inayozitaka kampuni kubwa kutangaza kila mwaka hatua zilizochukua dhidi ya utumwa katika mnyororo wao wa ugavi. Tamko peke yake halimfikii mtu aliye kwenye lundo la taka. Anayemfikia ni mkaguzi anayemuuliza, faragha na kwa lugha anayoielewa, kama fedha zimefika mkononi mwake.

Sheria ya Tanzania inavyosema

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaifanya kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na inamzuia mwajiri kukata ujira isipokuwa pale sheria au mahakama inaporuhusu, au kwa deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Inakataza pia kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari. Dampo lenye vioo, sindano na moshi si mahali pa mtoto.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kutoa vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Kwa hiyo buti za kijana wa mfano hazikupaswa kugeuzwa mkopo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa anayemchukua au kumhifadhi mtu kwa hila au vitisho ili amnyonye. Si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Safari ya kutoka mkoa mmoja hadi mwingine inatosha.

Mambo ambayo mkandarasi anapaswa kuyatimiza

Kampuni inayotaka kuwa salama dhidi ya kosa hili haina budi kuyafanya haya:

1. Kuwa na orodha kamili ya wafanyakazi wote, pamoja na wa mkandarasi mdogo na vibarua wa siku, na kumpa kila mmoja maelezo ya ajira kwa maandishi.

2. Kumlipa mfanyakazi mwenyewe, mkononi au kwa akaunti au simu yenye jina lake, kamwe si kwa kupitia kwa wakala.

3. Kutoshikilia kitambulisho cha mtu yeyote. Nakala inatosha.

4. Kugharamia nauli ya walioletwa na vifaa vya kinga, na kuwasajili wafanyakazi katika NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

5. Kuandika masharti haya katika kila mkataba mdogo, na kuyakagua bila kutoa taarifa mapema.

Bei ya zabuni nayo ni ushahidi. Mzabuni anayetaja bei isiyotosha hata kulipa kima cha chini cha mshahara kwa idadi ya watu wanaohitajika anapaswa kuulizwa tofauti hiyo itatoka wapi. Mara nyingi hutoka mfukoni mwa mzoaji.

Wajibu wa mkazi

Mkazi anayelipa ada ya taka ni sehemu ya mnyororo huo, na ndiye anayeonana na mzoaji kuliko mkaguzi yeyote. Dalili za kuangalia ni hizi: vibarua wanaolala pamoja chini ya uangalizi na hawatembei peke yao, mtu anayejibu maswali kwa niaba yao, hofu ya kutaja jina la mwajiri, majeraha yasiyotibiwa, na mtoto anayezoa taka saa za masomo. Dalili moja haithibitishi kosa, ila dalili kadhaa kwa pamoja zinatosha kutoa taarifa.

Taarifa hupelekwa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Kazi, au kituo cha polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kuhusu mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Mfanyakazi mwenye mgogoro wa ujira anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mkazi asimkabili wakala mwenyewe, kwani kijana anaweza kuhamishwa usiku huo huo na ushahidi ukapotea naye.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

Je, wazoaji wa taka katika kitongoji hiki wanajulikana kwa majina? Nani aliwaleta, na nani huwalipa? Je, vifaa walivyovaa ni vyao, vya kampuni, au ni deni?

Maswali hayo hayahitaji ofisi wala fedha. Mzoaji anayeweza kuyajibu bila kumtazama mtu mwingine kwanza ni mpagazi huru. Asiyeweza, kata ina wajibu wa kujua kwa nini.