Dondoo Muhimu: Kuchagua Kozi za Hiari katika Uzamili wa Elimu

Mwalimu aliyejaaliwa kurejea chuoni kutafuta shahada ya uzamili, na ayatafakari haya kabla ya kujisajili:

• Anza na darasa lako. Nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha wakakutana na Kiingereza katika masomo karibu yote ya sekondari, mwalimu wa kidato cha kwanza ambaye wanafunzi wake hunyamaza kila aulizapo swali la baiolojia atanufaika zaidi na kozi ya lugha ya kufundishia kuliko ile yenye jina la fahari.

• Tazama tasnifu mapema. Mwenye azma ya kuwahoji walimu na wazazi asome mbinu za utafiti wa kimaelezo. Mwenye kulinganisha alama za mitihani asome takwimu.

• Soma muhtasari, si jina tu. Chunguza vitabu, kazi za kuandika na namna ya kutahini, kisha utake shauri kwa waliotangulia.

• Pima wasaa wako. Ratiba ya chuo isigongane na vipindi vyako.

Maadamu ilimu ya mwalimu ni amana ya wanafunzi wake, chagua ile utakayowafikishia.