Trela na zana zako: zipe alama kabla hazijaibwa

Somo la toleo hili ni la wenye vifaa vya kazi: mafundi wa jua kali wa Ukunda, Kombani na Kinango, wenye matrekta na trela kule Ramisi na Msambweni, wakulima wenye pampu za maji, vijana wa mkokoteni, na mama mwenye cherehani barazani. Wote hawa wanalishwa na kifaa, na mara nyingi kifaa chenyewe bado kina deni.

Tuchukue mfano. Fundi wa kuchomelea amekopa shilingi 60,000 chamani akanunua mashine, grinda na drili. Anarudisha shilingi 1,500 kila wiki. Wiki ya 12 ikiisha, wezi wanaingia kibandani usiku na kubeba vyote. Asubuhi fundi hana kazi, amebakiza wiki 28 za kulipa, na hapo hatujahesabu riba. Wateja waliotoa amana za milango na madirisha wanataka milango yao au pesa zao, na wadhamini wake chamani wameanza kupigiwa simu. Mwizi amebeba mzigo wa dakika kumi, lakini waliobaki na mzigo ni watu watano au sita, nao wataubeba kwa zaidi ya nusu mwaka.

Tukiibiwa, wengi wetu hukimbilia dukani kununua kufuli kubwa zaidi. Kufuli ni muhimu na tutalizungumzia, lakini kazi yake ni kumchelewesha mwizi. Mtu anayeiba grinda hana haja ya kukata vyuma. Anataka pesa, na anataka kifaa kimtoke mkononi kabla jua halijapanda sana. Kifaa kisicho na alama huuzika popote, kwa sababu grinda zote hufanana. Chenye jina na nambari ya mtu kinamtia hofu mnunuzi, na kikipatikana, mwenyewe anaweza kukidai. Alama hugharimu pesa kidogo sana, na bado ndiyo tunayoipuuza zaidi.

Jinsi ya kuweka alama

Rangi pekee haitoshi. Rangi hupakwa juu ya rangi, na kwa shilingi chache pampu ya bluu hugeuka nyekundu. Alama inayodumu ni ile iliyoingia ndani ya chuma. Kwenye trela, mkokoteni, wilbaro au mashine ya kuchomelea, andika kwa waya wa kuchomelea: herufi za mwanzo za jina lako na tarakimu nne za mwisho za kitambulisho au za simu yako. Usiandike nambari nzima ya kitambulisho mahali ambapo kila mpita njia ataisoma. Kwa vifaa vidogo kama spana, nyundo na koleo, fundi yeyote mwenye stempu za chuma za kugonga herufi atakufanyia. Kwa vifaa vya ganda la plastiki, chonga kwa ncha ya msumari uliopashwa moto, polepole, mbali na nyaya na matundu ya kupitisha hewa, na kifaa kikiwa kimechomolewa umeme.

Weka alama mbili. Moja iwe mahali pa wazi, kwa sababu kazi yake ni kumkatisha tamaa mwizi na mnunuzi. Ya pili ifiche: chini ya mguu wa mashine, ndani ya ukingo wa wilbaro, nyuma ya kifuniko cha betri. Mwizi atasaga ile anayoiona, na pale aliposaga patabaki kovu ambalo nalo ni ushahidi. Ya pili ataiacha.

Kisha kuna nambari ambayo kiwanda chenyewe kimekuwekea. Karibu kila mashine ya umeme au ya petroli ina kibati au stika yenye nambari yake pekee. Toa simu leo, piga picha kifaa kizima, kile kibati kwa karibu, alama zako zote mbili, na risiti. Risiti za dukani hufifia kabisa ndani ya miezi michache, hasa zile za karatasi laini, kwa hiyo picha ndiyo itakayobaki. Usiziache picha hizo kwenye simu yako tu, maana usiku wa wizi simu nayo huenda ikaondoka. Mtumie mke, mume au mwenzako wa kazi. Daftari la shilingi hamsini lililowekwa nyumbani, mbali na kibanda, lenye orodha ya vifaa na nambari zake, linafaa vilevile.

Trela

Trela ina udhaifu wake. Haina injini, haina ufunguo, haina usukani wa kufungwa. Yeyote mwenye trekta au gari lenye ndoano anaweza kurudi nyuma, kutia pini na kuondoka nayo, na akipishana na watu njiani watamsalimia wakidhani yuko kazini. Wenye mashamba ya miwa huacha trela kando ya njia ikingoja mzigo wa kesho. Hapo ndipo pa kuanzia: trela isilale peke yake kando ya barabara. Kama lazima ilale shambani, pini isibaki nayo. Iondoe uende nayo nyumbani, na tundu la pini ulizibe kwa kufuli nene, ili pini ya mtu mwingine isiingie.

Nyumbani, iegeshe ule mkono wa mbele ukiwa umeelekea ukutani au umebanwa na trekta lenyewe, ili wa kuivuta asipate pa kuingilia. Pitisha mnyororo ndani ya rimu, si kwenye tairi, uzungushe kwenye chesisi kisha kwenye nguzo iliyochimbiwa kwa zege. Mnyororo usigusane na ardhi, kwa sababu uliolala chini hukatwa kwa urahisi zaidi: mtu huulaza juu ya jiwe akaugonga kwa patasi. Trela isiyotumika msimu mzima, ing'oe gurudumu moja na uiweke juu ya magogo. Ni kazi ya kuchosha, lakini mwizi naye itamchosha.

Kuhusu karatasi, wengi hawajui kwamba kwa sheria ya barabara trela husajiliwa yenyewe, kando na gari linaloivuta. Ndiyo maana trela za barabarani zina bamba lao linaloanza na herufi Z. Usajili ni wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen. Trela isiyo na usajili ikiibwa, unaanza kuthibitisha kuwa ni yako tangu sifuri, na polisi wa kizuizini hawana cha kulinganisha. Na kaunti hii ina milango mingi. Kuna barabara ya Lungalunga hadi mpaka wa Tanzania, kuna barabara kuu ya Nairobi inayopita Samburu na Mackinnon Road, na sasa barabara ya Dongo Kundu inamtoa mtu Kibundani hadi upande wa pili bila kungoja feri. Saa mbili za kwanza ndizo zenye thamani.

Wanaouza vifaa vya kufuatilia magari kwa setilaiti watakuambia vinafaa kwa trela pia. Vinafaa, mradi ununue chenye betri yake, kwa sababu trela haina umeme wa kudumu kama gari. Uliza pia ada ya kila mwezi, na ujaribu kama mtandao wa simu unafika pale inapolala. Palipo na shimo la mtandao, kifaa hicho hunyamaza.

Kibanda

Vibanda vingi vya mabati vimepigwa misumari kwa nje. Mwizi hana haja ya kugusa kufuli lako. Anang'oa bati moja kwa nyundo yenye kucha, anaingia, na akiwa mstaarabu analirudishia. Pigilia bati kwa bolti zenye nati upande wa ndani, angalau mpaka kimo cha mtu. Pete ya kufuli nayo isishikwe kwa skrubu zinazoonekana nje. Kufuli la shilingi 2,000 juu ya pete iliyoshikwa na skrubu mbili lina nguvu ya zile skrubu mbili.

Ndani, vifaa vikubwa vifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo, na vidogo viingie kwenye sanduku la chuma lililotiwa bolti sakafuni. Taa ya sola inayojiwasha mtu akipita husaidia, hasa penye majirani wa kuiona. Mbwa hutupiwa mnofu akanyamaza. Wazee wa Shimba Hills wanaofuga kanga wanajua ndege hao hawanunuliki kwa mnofu, na kelele zao huamsha kijiji kizima.

Upotevu mwingine hauvunji mlango. Kwenye mijengo, vifaa hutoka mchana kweupe mikononi mwa watu tunaowajua: kibarua aliyeazima drili, jirani aliyeomba toroli kwa jioni moja. Dawa yake si kumshuku kila mtu. Weka daftari la kutoa na kurudisha, lenye jina, kifaa, saa na sahihi, na lianze na bosi mwenyewe kutia sahihi. Anayekataa kuandika jina lake, mnyime.

Anayenunua

Hapa ndipo sisi wakaazi tunapoingia kwenye kesi. Tukinunua grinda kwa robo ya bei ya dukani, usiku, bila risiti, kutoka kwa kijana asiyejua hata kuiwasha, tunajua tunachofanya. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 275, inampa mwizi wa kawaida kifungo cha hadi miaka 3. Kifungu cha 322 kinampa anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, kifungo cha hadi miaka 14. Yaani mnunuzi anaweza kufungwa muda mrefu kuliko mwizi aliyemuuzia. Juu ya hayo, kifaa hakiwi chako kwa kukilipia. Mwenyewe akithibitisha, anakichukua, nawe unabaki kumtafuta aliyekuuzia.

Kununua kifaa kilichotumika si kosa, na wengi wetu tumeanza kazi hivyo. Omba risiti ya kwanza. Kama haipo, andikianeni hati ya mauzo yenye nambari ya kifaa, nakala ya kitambulisho cha muuzaji na shahidi mmoja. Kwa trela, linganisha nambari iliyogongwa kwenye chesisi na iliyo kwenye karatasi za usajili kabla ya kutoa hata shilingi.

Wanaonunua vyuma chakavu wana sheria yao, ya mwaka 2015, inayowataka wawe na leseni na waweke kumbukumbu za wanachonunua. Mwaka 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Mei kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na nguzo za umeme. Rimu ya mkokoteni na jembe la trekta huishia kwenye mizani hiyo hiyo. Mfanyabiashara mwenye leseni asiyeandika anachonunua anahatarisha leseni yake.

Ukiibiwa

Usiguse wala usifagie. Piga picha palipovunjwa, kisha uende kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na daftari au picha zako. Kuripoti ni bure. Hakikisha taarifa yako imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Bila hiyo, wiki ijayo utaanza upya kwa afisa mwingine. Taja nambari za vifaa na alama zako, hata ile iliyofichwa, lakini hiyo ya mwisho usiitangaze kwenye makundi ya WhatsApp. Omba pia abstrakti, kwa sababu mwenye bima atakuomba. Soma bima yako mapema: nyingi hulipa wizi pale tu penye dalili za kuvunja kwa nguvu, na mlango ulioachwa wazi hauna dalili hizo. Mjulishe chifu na wazee wa Nyumba Kumi, na chama chako pia siku hiyo hiyo, kabla malipo hayajachelewa.

Mkimshika mshukiwa, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 34, inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Katikati ya hivyo viwili hakuna nafasi ya mawe wala tairi. Tunasema siku za mwizi ni arobaini, na hasira ya aliyeibiwa tunaielewa, lakini kijana akiuawa sokoni kwa ajili ya pampu, pampu haitarudi, aliyeinunua hatajulikana tena, na waliopiga watashtakiwa kwa mauaji.

Polisi wako chini ya Serikali ya Kitaifa. Upande wa kaunti, masoko na taa za barabarani ni kazi yetu. Taa ikizimika karibu na vibanda vyenu, mwambieni msimamizi wa wadi na mtaje nguzo iko wapi hasa, karibu na duka la nani au msikiti upi, ili fundi wa umeme aifikie bila kuzungushwa. Kwa dharura piga 999 au 112. Mwenye habari kuhusu wanaouza vifaa vya wizi na asiyetaka kujulikana anaweza kupiga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203.