Petroli Isiyoungua: Somo juu ya Ulaji wa Mafuta na Moshi wa Basi Dogo Kuukuu

Mtu akiuliza kwa nini basi dogo la zamani linakula mafuta mengi, na mwenzake akiuliza kwa nini linatoa moshi mweusi, hudhaniwa kuwa yameulizwa maswali mawili. Kwa sehemu kubwa swali ni moja, na jibu lake limo katika mlinganyo ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuusawazisha ubaoni. Katika makala hii tutauchukua mlinganyo huo na kuupeleka chini ya viti vya mbele vya Toyota HiAce ya miaka ya 1980, mahali ilipokaa injini yake ya petroli yenye kabureta. Gari la namna hiyo limewabeba abiria wetu kwa miaka mingi, na yaliyosalia bado yamo mikononi mwa mafundi.

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Kwa ajili ya hesabu tuichukue oktani kuwa mwakilishi wake:

2C8H18 + 25O2 → 16CO2 + 18H2O

Moli moja ya oktani, yaani gramu 114, yahitaji moli 12.5 za oksijeni, ambazo ni gramu 400. Oksijeni ni asilimia 23.2 ya uzito wa hewa; hivyo gramu hizo 400 zimo katika gramu 1,724 za hewa, na uwiano wa hewa kwa mafuta ni 15.1. Petroli halisi ina kaboni nyingi kidogo kuliko oktani, na uwiano wake huwa karibu 14.7. Lita moja ya petroli, yenye uzito wa kilo 0.74 hivi, yataka basi mita za ujazo 9 za hewa ili iungue yote. Dereva hulipia lita hiyo moja, wala hafikirii hizo mita 9 alizopewa bure.

Hewa ikipungua, mafundi husema mchanganyiko umekuwa mzito. Haidrojeni kwa kawaida hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake. Anayekosa zaidi ni kaboni, na badala ya kuwa kaboni dayoksaidi huishia njiani kama kaboni monoksaidi. Moli moja ya kaboni ikiungua kikamilifu hutoa kilojuli 394. Ikiishia kuwa kaboni monoksaidi hutoa kilojuli 111 tu. Kilojuli 283 zilizobaki mwenye gari amezinunua kituoni, akazipitisha ndani ya injini, kisha akazimwaga barabarani. Moshi mweusi tunaouona ni masizi, kaboni ambayo haikupata hata hiyo nafasi ya kuungua nusu.

Laiti hasara ingekuwa ya fedha peke yake. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Basi lenye umbo la sanduku likienda kasi huacha nyuma yake eneo la kanieneo pungufu. Mlango wa nyuma ukiachwa wazi, au mpira wake ukiwa umekwisha, moshi wa gari lenyewe hugeuka na kuingia ndani. Njia nyingine ni matundu ya kutu sakafuni, pale bomba la moshi linapovuja kwenye maungio. Mtoto anayesinzia kiti cha nyuma akielekea shuleni, kisha akalalamika kuwa kichwa kinamwuma na moyo unamchafuka, asikaripiwe kwamba amekesha. Mwenye gari asiye na fedha za kufanya matengenezo yote aanze na bomba hilo na gaskiti zake.

Kwa nini basi injini kuukuu hukosa hewa? Sababu ya kwanza ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Katika injini ya kabureta chujio lililoziba huongeza mvuto kwenye jeti, mafuta yakazidi hewa. Injini za kisasa zenye kompyuta hujirekebisha. Sababu nyingine ni choki iliyokwama ikiwa imefungwa nusu. Ya tatu ni desturi ya mafundi wengi, nami siikubali hata kidogo: kung'oa themostati ili injini isichemke. Themostati nyingi hufunguka karibu nyuzi 82 za Selsiasi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, petroli haigeuki yote kuwa mvuke, matone hubaki kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyopaswa kuzilinda. Injini inayochemka inataka rejeta isafishwe na pampu ya maji itazamwe.

Sababu ya nne inastahili kutazamwa kwa kirefu, kwa kuwa jiografia yetu imeifanya iwe ya kwetu hasa. Kabureta hutumia kanuni ambayo Daniel Bernoulli aliichapisha mwaka 1738: hewa ipitapo penye koo jembamba huongeza mwendo, na kanieneo yake hushuka. Tofauti hiyo ya kanieneo ndiyo ifyonzayo petroli kupitia jeti. Sasa tuchukue gari lililorekebishwa Dar es Salaam, likapanda hadi Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Densiti ya hewa huko imepungua kwa asilimia 15 hivi. Injini huvuta ujazo uleule, kwa hiyo uzito wa hewa inayoingia hupungua kwa asilimia 15, na tofauti ya kanieneo penye koo hupungua vivyo hivyo. Lakini mtiririko wa petroli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, na kipeuo cha pili cha 0.85 ni 0.92. Petroli imepungua kwa asilimia 8 tu! Uwiano wa 14.7 umeshuka hadi 13.5 pasipo mtu kugusa skrubu yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka Mombasa kwenda Nairobi. Gari linaloishi nyanda za juu lahitaji jeti ndogo kidogo, na likihamia pwani lirudishiwe ile kubwa.

Asidhani mtu kwamba kupunguza mafuta kunaweza kuendelea bila mwisho. Mchanganyiko ukiwa mwepesi kidogo, penye uwiano wa 16 hivi, ulaji wa mafuta huwa mzuri sana, lakini joto na oksijeni iliyosalia huunganisha naitrojeni ya hewa kuwa oksidi zinazowasha mapafu. Hapo kubana matumizi na kusafisha moshi huachana njia. Ukizidi kuwa mwepesi, cheche hushindwa kuuwasha, na petroli hutoka mbichi. Vichocheo vya platinamu na rodiamu katika magari ya kisasa huondoa uchafu wa aina zote tatu kwa pamoja pale tu uwiano unapodumishwa karibu kabisa na 14.7, kazi ambayo kabureta ya kawaida haiiwezi.

Plagi ni shahidi mwema. Ncha yenye masizi makavu yaonyesha mchanganyiko mzito. Yenye rangi ya kahawia hafifu, mzuri. Nyeupe iliyokauka, mwepesi mno. Moshi wa buluu ni oili iunguayo, na hapo kabureta haina hatia.

Nje ya injini, nguvu ya kupambana na upepo hufuata mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huongezeka mara 1.56. Keria tupu juu ya paa nayo hukamata upepo. Na kuhusu sumaku zinazouzwa zifungwe kwenye mpira wa petroli, sijaona kanuni ya fizikia inayoziunga mkono.

Shule yenye basi la namna hii inaweza kufanya jaribio. Jazeni tangi pomoni, andikeni kilomita, tembeeni siku chache, jazeni tena na kupima lita. Badilini jambo moja tu kila safari. Injini isiwashwe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa.

Zoezi: Oktani hutoa kilojuli 5,470 kwa moli ikiungua yote. Basi letu la Mbeya, kwa uwiano wa 13.5, huipatia kila moli ya oktani moli 11.5 tu za oksijeni. Tuseme upungufu wote waangukia kaboni. Je, ni moli ngapi za kaboni monoksaidi zitatoka kwa kila moli ya oktani, na ni asilimia ngapi ya nishati imepotea?