Mbio Zake Hazikuishia Pale



Leo tujifunze kutoka kwa Faith Kipyegon, mwanariadha wa Kenya. Wengi mnamjua kwa medali. Mimi naanza na mwaka ambao hakushindana.

Mwaka 2016 kule Rio alichukua dhahabu ya Olimpiki mita 1500. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia mjini London. Halafu akapata ujauzito, na Juni 2018 akajifungua binti. Kwa mkimbiaji wa kike, hapo ndipo watu huanza kusema: huyu basi tena. Mwili umebadilika, mazoezi yamekatika, na wenzake hawamsubiri.

Faith alirudi pole pole. Mwaka 2019 kule Doha alipata fedha, nyuma ya Sifan Hassan wa Uholanzi. Tokyo, mwaka 2021, dhahabu. Paris 2024, dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki katika mita 1500. Na rekodi zake zote za dunia za mtu binafsi aliziweka akiwa tayari ni mama.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma. Kwaya yetu ilikuwa na dada mmoja wa sauti ya kwanza. Alipopata mimba nje ya ndoa, akaacha kuja. Hatukumfukuza jamani, tulinyamaza tu. Nafasi yake ikajazwa, sare yake akapewa mwingine. Nilikuwa na namba yake na sikupiga. Nilijidai namwacha apumzike, kumbe nilikuwa naona aibu kuonekana naye.

Mtaniambia, “Lakini Faith ana mume, si sawa.” Kweli, si sawa, na mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa tunayajua. Ila angalieni hili: Faith alikuwa na mume anayeijua riadha, Timothy Kitum, aliyepata shaba ya mita 800 Olimpiki ya 2012. Alikuwa na kocha na wenzake wa mazoezi. Hakuinuka peke yake. Dada yetu alihitaji msaada kuliko yeye, na sisi tukampa kimya.

Someni Yohane 8. Yesu hakumtupia jiwe yule mwanamke, wala hakusema dhambi si kitu. Alimwambia aende, asitende dhambi tena. Kumwambia mtu “nenda” ni kumwambia kwamba bado ana safari mbele yake. Na Paulo anapofananisha imani na mbio, katika 1 Wakorintho 9, anaiandikia jumuiya nzima. Tunakimbia pamoja.

Mwezi uliopita nilimpigia. Mtoto wake sasa anatembea. Niliomba msamaha, tukakaa kimya kidogo, kisha akasema atafikiria kurudi. Bado hajarudi. Nitapiga tena.

Tafakari ya wiki:
1. Nani aliacha kuja kwenye jumuiya yenu, na hakuna aliyemuuliza?
2. Kaka zangu, na yule kijana mwenye mimba hiyo? Mbona yeye anaendelea kuja na hakuna anayemnyooshea kidole?
3. Leo utampigia nani simu?

Tusali: Bwana Yesu, utusamehe kimya chetu. Waimarishe walioanguka na waliochoka, na utufanye wenzao wa njiani. Mama Maria, utuombee. Amina.