Akida wa Kapernaumu

Ndugu zangu, katika Luka 7 mimi napenda hoja ya yule akida kuliko hata muujiza wenyewe. Akida wa Kirumi alisimamia askari wapata 80. Alijua kwamba walimtii si kwa nguvu za mkono wake, bali kwa sababu naye alikuwa chini ya wakubwa waliompa amri. Basi akaona kwamba Yesu ana mamlaka yatokayo juu, hata ugonjwa humtii; hapana haja ya kufika nyumbani. Wako wasemao imani ni kufumba macho. Huyu alifikiri sana! Akatosheka na neno, mtumwa wake angali kitandani. Mzazi mwenye mtoto hospitali hujua kungoja huko: ameomba, wala hajaona kitu bado.