Mifugo Ikifa kwa Mkupuo: Sotoka, Mdondo au Kimeta?

Boma likipoteza mbuzi wengi ndani ya wiki moja, wafugaji husema sotoka imeingia. Kuku wakiisha bandani, ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Majina haya yote hutajwa kundi linapopukutika ghafla, lakini kila moja lina ugonjwa wake, na kila ugonjwa una hatua zake. Ukimpigia afisa mifugo na kumtajia jina lisilo sahihi, siku zinapotea na wanyama wanazidi kufa.

Sotoka iliyowatesa mababu zetu ilikuwa ya ng'ombe. Iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, ikafika Umasaini mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kufikia 1896 ilikuwa imevuka mto Zambezi. Nyati na nyumbu nao walikufa. Kwa watu, njaa na ndui vilifuata. Serengeti ilibaki na upungufu wa nyumbu kwa miongo kadhaa: mwaka 1961 walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Ng'ombe wa maeneo jirani walipochanjwa, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamevuka milioni moja, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyedungwa sindano. Sijui tangazo la chanjo linaloshinda hilo. Chanjo yenyewe ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Kisa cha mwisho kilionekana kwa nyati wa Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Basi ng'ombe wako akifa leo, usiseme sotoka.

Iliyopo sasa ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Kirusi chake ni ndugu wa kile cha ng'ombe, na Tanzania ilithibitisha kuwa nacho mwaka 2008. Mnyama hupata homa kali, makamasi na machozi mazito yanayogandisha macho, vidonda mdomoni vyenye harufu mbaya, kisha kuharisha na kuhema kwa shida. Ukiona makamasi na mapafu tu, bila vidonda wala kuharisha, huenda ni homa ya mapafu, ambayo hutibika kwa antibayotiki. Kirusi cha sotoka hakina dawa. Sindano utakazochoma husaidia tu dhidi ya vijidudu vinavyodandia. Kinga ndiyo inayofaa: dozi moja ya chanjo hulinda miaka mitatu au zaidi, ila wanaozaliwa baadaye nao lazima wachanjwe. Mbuzi uliyemnunua mnadani mtenge kwa wiki tatu kabla ya kumchanganya na wengine. Sotoka hii haimwambukizi binadamu.

Kimeta humwambukiza. Hapa ndipo kukosea jina kunapoua watu. Mnyama aliyekuwa mzima jioni anakutwa amekufa asubuhi, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Usimchune, usimpasue hata kwa kutaka kujua kilichomuua, na nyama usiigawe kwa majirani. Vimelea vikipata hewa hujenga gamba na kukaa udongoni kwa miaka mingi. Mzoga uzikwe kwenye shimo refu au uchomwe chini ya usimamizi wa mtaalamu. Aliyekwisha kula au kugusa nyama hiyo aende zahanati siku hiyo hiyo na aseme wazi alichokula.

Mdondo una kinga rahisi kuliko yote: tone la chanjo jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Kuku wakishaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, chanjo haiwaokoi tena.

Kwa ugonjwa wowote kati ya haya, mpigie afisa mifugo wa kata yako siku mnyama wa pili anapokufa. Kwa dalili za kimeta, mpigie kwa yule wa kwanza. Mweleze umri wa waliokufa, dalili ulizoziona na mnyama wa mwisho kuingia bomani alitoka wapi. Na tafadhali, usiwakimbize walio wagonjwa mnadani ili urudishe fedha zako.